Karibu Kiti, Shemeji

Usiku wa jana niliota akina mama wa kanisani wamenituma Uingereza kwenye msiba wa mfalme, na beseni la unga wa uwele kichwani.

Kabla sijaifuata ndoto, niseme nililala na nini moyoni, maana bila hilo mtu atadhani nilikula kitu kibovu.

Mume wangu Hezroni tulimzika masika yaliyopita. Tulijaliwa binti mmoja tu, Sechelela, naye ameolewa mbali. Leo, baada ya ibada, wazee wa ukoo wa Hezroni walikuwa waje nyumbani kwangu hapa Mpwapwa pamoja na mdogo wake, Nehemia, anirithi ili nyumba ya kaka yake isizime. Katika ukoo ule mjane haulizwi unataka au hutaki. Kigoda cha marehemu kinawekwa katikati ya nyumba. Watu wanakaa kwenye mikeka, mrithi anaachwa amesimama. Mjane akimwambia "karibu kiti", naye akakikalia, basi, amekuwa mke. Mjane akinyamaza mpaka jua lizame, amekataa, na wageni wanajiondokea.

Utasema, mama, si unyamaze tu.

Hunijui. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akinifinya nikichelewa kumkaribisha mgeni. Mtu akisema hodi, mdomo wangu unajibu kabla kichwa hakijajua nani kaingia. Niliwahi kumkaribisha kiti mbuzi wa jirani, na kijiji kizima kinaisimulia habari hiyo. Wazee nao wanaijua. Ndiyo maana hawakuwa na wasiwasi wowote juu ya leo.

Nehemia ana mke wake, Tabita. Nikirithiwa nakuwa mke wa pili, natengwa na Meza ya Bwana, navua kitambaa cheupe cha akina mama, nakaa benchi la nyuma na watu wanaochungulia tu. Juzi Tabita alinikuta bombani akaniinamia sikioni.

"Dada Perusi, jing'ate ulimi. Mimi sitaki mke mwenza, na wewe humtaki mume wangu."

"Simtaki, Tabita. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Kuna siku hata mimi simtaki."

Na hiyo Uingereza niliitoa wapi? Kwa mwalimu wetu wa darasa la saba. Alitueleza juu ya mfalme wa zamani wa kule aliyemwoa mjane wa kaka yake, akakaa naye mpaka akamchoka, ndipo akasema kumbe ni dhambi. Papa alipokataa kuivunja ndoa, mfalme akajifanya mwenyewe Kichwa cha Kanisa. Wavulana walicheka sana. Mimi nilinyoosha mkono nikauliza, yule mjane alisemaje? Mwalimu akajibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani.

Basi, jana niliomba Mungu aulinde mdomo wangu, nikalala. Nikaota natoka kwa mlango wa nyuma ya madhabahu, ule anaopitia mchungaji akishavaa. Siku zote mlango ule unatokea kwenye shamba la karanga. Jana ulitokea London.

Ni asubuhi na kuna baridi. Moshi unatoka juu ya kila paa. Mto umejaa bata maji weupe, wamenyamaza kama watu walioitwa barazani. Mbele yangu kuna lango, na langoni wamesimama wanyama wawili kwa miguu ya nyuma, wameshikilia ngao: simba wa dhahabu, na farasi mweupe mwenye pembe moja kwenye paji la uso.

"Hodi," nikasema.

"Wewe nani?" akauliza simba.

"Mama Sechelela, natoka Mpwapwa. Nimekuja kwenye msiba wa mfalme. Unga huu."

Simba akamtazama mwenzake, akanitazama mimi. "Hapa hapana msiba. Mfalme hafi."

"Hafi vipi? Tumeambiwa amekufa."

"Hafi. Ni sheria."

Yule wa pembe moja akainamisha kichwa, nikakwepa. "Mama, mimi mwenyewe ni mgeni hapa," akasema. "Nimekuja na ukoo wa Uskoti. Kabla yangu nafasi hii ilikuwa ya joka jekundu. Sijui alienda wapi, nimekuta nyayo zake tu. Lakini hata mimi nimeagizwa niseme hafi."

Wakanipisha. Nikashuka ngazi, ingawa jumba lile lilikuwa la kupanda, nikajikuta chumbani kwa mfalme.

Amelala kitandani na nguo za dhahabu. Kando yake kuna meza ya chakula, na watumishi wanamlisha. Mmoja anaonja nyama, wa pili anaipeleka mdomoni kwa mfalme, wa tatu anaiokota inapoanguka. Nasogea. Naona uso ni mti uliopakwa rangi, na chini ya ule mti, pale shingoni, yupo mtu mwenyewe. Hezroni nilimfunga kidevu kwa mikono yangu hii. Maiti naijua.

"Jamani," nikasema, "huyu amekufa."

"Leo hajala vizuri," akasema mwonjaji.

"Amekufa, baba. Mshike mguu."

"Mwili mmoja, ndiyo," akasema bila kugeuka. "Mfalme ana miili miwili. Upo wa kula na kuumwa, na upo wa kutawala. Wa kula umechoka. Wa kutawala unatafuta pa kukaa."

"Uko wapi?"

"Umo humuhumu unazunguka. Angalia usiukanyage."

Nikanyanyua mguu. Chini ya unyayo wangu kitu kikapita kama upepo wa mlangoni, kikasema samahani.

Nikauliza kama marehemu ameacha mjane, nikampe pole, maana ndicho nilichotumwa. Mwonjaji akaninyooshea kijiko upande wa pili. Nikaingia chumba kile. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti tu, kikubwa, cha mti mweusi, kina mikono na mgongo mrefu, kimefunikwa kitambaa chekundu.

"Pole na msiba," kikasema kiti.

Beseni liliniponyoka. Unga ukamwagika sakafuni wote, mweupe, na mikono isiyo na watu ikauzoa na kuupeleka jikoni.

"Usishtuke, mjane mwenzangu," kikasema. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima aliyelala vibaya. "Wa kwako alikuwa mzito?"

"Wa kadiri," nikajibu. Sikujua nijibu nini kingine.

"Wangu huyu wa mwisho alikuwa mzito sana. Tazama miguu yangu."

Nikaitazama. Ilikuwa imepinda kweli. Nikapiga magoti nikaisugua, kama ninavyowasugua wagonjwa wa mtaani kwetu, na kiti kikashusha pumzi.

"Mimi hurithiwa," kikaniambia. "Baba akiondoka, mwana. Kaka akiondoka, mdogo wake. Kuna wakati hata wanawake walinirithi, na hao ndio walionikalia kwa adabu."

"Hawakuulizi?"

"Nani anauliza kiti?"

"Ungeulizwa, ungetaka nini?"

Kikafikiri. "Kupoa," kikasema. "Nipapase hapo katikati."

Nikapeleka mkono. Palikuwa na joto kama pale kuku anapotoka kwenye mayai.

"Tangu nichongwe sijapoa. Sheria inasema joto la mmoja lisitoke kabla mwingine hajakaa. Wenzangu wa jikoni wanapoa kila usiku. Hata kinu kinapoa."

Nililia. Sijawahi kukililia kiti, lakini nililia.

"Futa machozi, nikwambie jingine," kikasema kiti, kikashusha sauti. "Mfalme mpya ni mdogo wake marehemu. Hawezi kujikalia tu. Lazima mjane wa kaka amkaribishe kwa maneno."

"Mjane si ni wewe?"

"Mimi kinywa changu kiko mahali wanapokalia. Hawanisikii. Wamekuita wewe."

"Mimi! Mimi nilikuwa na Hezroni, fundi seremala. Hata Dar es Salaam hakuijua!"

"Sheria inasema mjane wa kaka. Haikusema kaka wa nani. Walitafuta duniani kote mjane asiyeweza kumwacha mgeni amesimama, wakasikia habari za mbuzi."

Kumbe msiba ulikuwa mtego, na unga wangu ulishaingia jikoni kwao.

"Nitanyamaza," nikasema.

"Wote husema hivyo," kikajibu kiti.

Nikageuka nikimbie, na chumba kile si chumba tena. Ni kanisa letu la Mpwapwa, mabenchi yaleyale, ila ni refu hata sioni mwisho wake, na limejaa mabwana wenye suruali fupi zilizovimba kama maboga. Kutoka mwisho ule anakuja askofu. Kola yake nyeupe ya kukunjwakunjwa ni pana kama ungo, na kichwa kimekaa juu yake peke yake, kama kile cha mbuzi kwenye sinia. Kola inatangulia, mwili unafuata baadaye.

"Mama," akasema askofu, "nani Kichwa cha Kanisa?"

Swali hilo nalijua tangu kipaimara. "Yesu Kristo, baba askofu."

Pembeni, pale tunapoweka fagio, kitu kikakohoa. Lilikuwa shoka.

"Samahani," likasema shoka kwa adabu. "Sikusikia vizuri. Hebu rudia."

Sikurudia. Mungu anisamehe, nilikunja midomo.

Askofu akanivuta mpaka dirishani. Nje, kando ya mto, kanisa la mawe limepiga magoti kwenye nyasi. Mnara hauna. Mahali pa mnara pana shingo tupu, inangoja.

"Unaona? Kanisa letu linangoja kichwa," akasema askofu. "Mfalme akikalia kiti, kichwa kimepatikana. Asipokaa, itabidi tujaribu vingine, kimojakimoja, mpaka kitoshee."

Chini ya shoka palikuwa na kapu. Nikachungulia, na heri nisingechungulia. Vichwa vya mabwana na mabibi vilikuwa vimepangwa kama maembe ya sokoni, nywele zimechanwa vizuri.

"Hujambo, mama," vikasema.

"Sijambo," nikasema, maana nimefundishwa kuitikia.

"Sisi hatukutoshea," kikasema kimoja, kama kinachoomba radhi.

Ndipo tarumbeta zikalia, na mfalme mpya akaingia.

Miguu yake imevikwa soksi za hariri mpaka mapajani, lakini chini amevaa katambuga za tairi. Uso umepakwa unga mweupe, ni uwele wangu ule, harufu naijua. Chini ya unga ni Nehemia. Masharubu yake, jicho lake la kushoto linalochelewa kufumba. Anasimama mbele ya kiti. Ananitazama.

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo."

Nikajing'ata ulimi. Wote wakangoja. Shemeji akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Nimetoka mbali," akasema.

Nikang'ata.

"Sijakaa tangu kaka alale. Goti hili, shemeji. Goti hili linanimaliza."

Nikang'ata hata nikaonja damu. Kiti kiliniambia kwa siri, shikilia, mwenzangu, shikilia, joto linaanza kutoka. Nami nilihisi kweli upepo baridi kidogo ukipita juu ya kile kitambaa chekundu. Bado kidogo. Jua lilikuwa limefika kwenye dirisha la magharibi.

Shemeji akarudi nyuma mpaka mlangoni. Nikadhani ameshindwa. Nikashukuru kimoyomoyo. Akatoka nje, akafunga mlango.

Halafu akagonga.

"Hodi!"

"Karibu!" mdomo wangu ukasema. "Karibu kiti, shemeji!"

Mizinga ikalia. Kengele zikalia. Wale mabwana wa maboga wakaanguka magoti wote kwa pamoja, na shemeji akaja akikimbia kwa katambuga zake, pwatapwata, akakikalia kiti puu.

"Umefanya nini, mwanamke," kikasema kiti kutoka chini yake.

Mpiga mbiu akapanda mimbari yetu. "Amerithi kiti!" akalia. "Amerithi bata maji wote wa mtoni! Amerithi kila nyangumi atakayekufa ufukweni! Amerithi mjane!"

Bata maji mmoja akaingiza shingo dirishani. "Utazoea, dada," akaniambia.

Kitambaa changu cheupe kikanitoka kichwani chenyewe. Kikajikunja mara mbili, kona kwa kona kama ninavyokikunja mimi, kikatoka mlangoni bila kuniaga. Nilikimbilia madhabahuni, nikakuta Meza ya Bwana imejigeuza ukutani, imenipa mgongo. Hapo nilipiga ukelele ambao naamini hata majirani wa kweli waliusikia.

Nilipogeuka tulikuwa mezani, tunakula. Tumekuwa mume na mke miaka mingi, ingawa jua halijasogea. Shemeji amenenepa mpaka kiti kinalia. Mapajani pake, juu ya mto wa hariri, amelala mbwa mdogo mnene.

"Mbwa wa nani?" nikauliza.

"Ni dhamiri yangu," akasema shemeji. "Usimwamshe."

Akanyofoa paja la bata, akala, akatazama dirishani. Pale nje alipita binti mmoja mwenye shingo nyembamba, akiimba. Shemeji akaacha kutafuna. Kwa kidole kimoja akamtekenya yule mbwa sikio.

Mbwa akaamka. Akanitazama, akabweka, "Dhambi! Dhambi! Amemtwaa mke wa kaka yake!"

"Ee Bwana," akasema shemeji, akiweka paja chini kwa huzuni kubwa. "Dhamiri yangu imeamka. Inaniuma."

Ilikuwa inamuuma kweli, kidoleni, lakini bila meno, kama mtoto anayenyonya.

"Mbona hukusema siku ile?" nikamwuliza mbwa.

"Nilikuwa nimelala."

"Nani amekuamsha?"

"Yeye."

"Kwa nini leo?"

"Si umeona ile shingo?"

"Nimesikia shingo?" likauliza shoka kutoka pembeni.

Sikumaliza kushangaa, meza ikawa baraza la hukumu. Askofu kakaa na kola yake. Mashahidi ni mistari miwili ya Maandiko, imesimama wima kama vijana wa kwaya. Mmoja unasema mtu asimtwae mke wa kaka yake. Wa pili unasema kaka akifa bila mwana, ndugu yake amtwae. Ikatazamana. Ikaanza kusukumana, na mzee wa kanisa akaitoa nje yote miwili.

"Bado neno moja tu," akasema askofu. "Mama, ulimkaribisha mfalme kwenye kiti, au hukumkaribisha?"

Nikafungua mdomo. Kiti kikanong'ona, "Ngoja! Fikiri kwanza."

Nikafikiri. Nikisema nilimkaribisha, basi mimi ndiye niliyemwingiza Kichwa cha Kanisa dhambini, na adhabu yake ni shingo. Nikisema sikumkaribisha, basi amekaa bila ruhusa, si mfalme, na kumwambia mfalme si mfalme ni uhaini, na adhabu yake ni shingo.

"Mimi sina haraka," likasema shoka. "Majibu yote mawili nayaweza."

Vichwa kapuni vikasogeleana, vikaacha nafasi.

Shemeji hakunitazama. Anamkuna mbwa. Nikamwita, shemeji, nikamwambia, nilikupikia, nilikufulia hizo soksi, sema nao. Akasema ni dhamiri, shemeji, si mimi. Nikaona nyumba yangu ya Mpwapwa kwa mbali, ndogo kama kiberiti, mlango wazi, hakuna mtu ndani.

"Jibu, mama. Ulisema nini?"

"Nilisema karibu!" nikalia. "Jamani, karibu tu! Neno la kila siku! Karibu, karibu, karibu!"

Askofu akainua kidole. "Neno hilo maana yake nini kwenu?"

"Mgeni akija, tunamwambia karibu," nikasema. "Na kitu kikiwa si mbali, kipo karibu. Na jambo likikosa kidogo kutokea, tunasema karibu litokee. Kama mimi sasa, karibu nife."

"Na wewe ulisema ipi kati ya hizo?"

"Karibu kiti."

"Karibu kiti," akarudia askofu. Mabwana wote wakarudia, wakilionja kama wale waonjaji. "Hapo katikati hapana kitu? Neno dogo? Panaonekana pengo."

Nikatafuta kwa ulimi, ulimi wenyewe umevimba kwa kung'atwa. Nyuma kabisa, chini ya jino la mwisho, kitu kimekwama. Kigumu, kidogo. Nikakisukuma, kikatoka, nikakitema kiganjani.

Kilikuwa "na".

Kidogo, cheusi, kina damu kidogo. Kilijitikisa kama kifaranga. "Nilikuwepo," kikasema kwa sauti nyembamba. "Alipong'ata, nikabanwa."

Kanisa zima lilivuta pumzi. Mimi mwenyewe nilivuta pumzi. Askofu akakipokea kwa ncha za vidole, akakiweka hewani mahali pake, kati ya lile neno na lile, akasoma polepole.

"Karibu na kiti, shemeji."

Kiti kikaanza kucheka. Kilicheka mpaka shemeji akatikisika juu yake, na mbwa akaanguka kutoka mapajani, akalala palepale alipoangukia.

"Mtukufu," akasema askofu, na kola yake imesinyaa upande mmoja, "umekaribishwa jirani na kiti. Si juu yake."

"Jirani wapi?" akauliza shemeji.

"Hapo sakafuni. Kushoto panafaa."

"Mimi ni mfalme!"

"Ndiyo, Mtukufu. Pale chini."

Sheria ni sheria. Shemeji akanyanyuka, akashuka, akakaa sakafuni kando ya kiti, soksi za hariri kwenye vumbi. Mabwana wakageuza magoti yao wakamsujudia pale chini, ikabidi walale kifudifudi kabisa ili wawe chini yake. Shoka likauliza kama basi halina kazi. Hakuna aliyelijibu. Likaegemea ukuta, likafumba jicho.

Na kiti kikabaki kitupu.

Kwanza sikuelewa ile sauti. Tik. Tik. Kisha nikaifahamu, ni kama bati la nyumba jua linapozama, linajinyoosha. Nikaweka mkono katikati ya kile kitambaa chekundu. Joto lilikuwa likitoka, na mwishowe hapakuwa na joto la mtu yeyote, palikuwa na ubaridi wa mti peke yake.

"Nimepoa," kikasema kiti. "Mwenzangu, hivi ndivyo mlivyo siku zote?"

"Siku nyingine," nikakiambia.

Shemeji akanivuta pindo la kanga kutoka chini. Unga umemtoka usoni kwa jasho, amebaki Nehemia tu, na mgongo umepinda.

"Shemeji, nikae hapa mpaka lini? Sakafu ina baridi. Hebu niambie lile neno tena, vizuri. Hodi, shemeji. Hodi."

Mdomo ukafunguka. Nikaushika. Nakuambia ukweli, niliushika kwa mkono, kama mtu anavyoshika mlango kwenye upepo, mpaka kichwa kilipofika. Kisha nikauachia mwenyewe, kwa hiari yangu, nikasema polepole, neno kwa neno:

"Hapohapo, shemeji. Karibu tu."

Nikaamka.

Kumepambazuka. Jogoo wa jirani anawika, na kengele ya kwanza ya ibada bado haijapigwa. Ulimi ulikuwa unaniuma, lakini hilo si ajabu, mtu hujing'ata usingizini. Nikapiga magoti kitandani, sikujua niombe au nishukuru.

"Hodi, dada Perusi!"

Sikuitikia. Nilijishangaa mwenyewe. Nikaenda mlangoni kwanza, nikachungulia, ndipo nikafungua. Alikuwa Tabita, amejifunga kanga ya kulalia, anahema.

"Dada, una ile dawa ya kuchua mgongo?"

"Ipo. Nani anaumwa?"

"Mume wangu. Nimeamka sikumwona kitandani. Nimemkuta sebuleni, kalala sakafuni, kando ya kiti. Mgongo umekakamaa hata hawezi kuinama. Namwambia, baba, nyanyuka basi ukae kwenye kiti, hataki. Chai kanywea chini. Ameshatuma mtu kwa wazee wasisumbuke kuja leo."

"Kwa nini hataki?"

"Sijui, dada. Anasema hakuna aliyempa kiti. Anasema ameambiwa 'hapohapo, karibu tu'."

Chupa ya dawa nilikuwa nimeshaichukua. Niliishika kwa mikono miwili.

"Ameambiwa na nani, Tabita?"

Tabita akanitazama usoni kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Anasema wewe."